Redio, jitaje kwanza

Hapa Kalengera, kwenye barabara ya Goma–Rutshuru, redio ya mtu mmoja ni redio ya wote. Inawekwa kwenye meza ya duka, pembeni ya sabuni na chumvi, na kila anayepita anasikia. Mwenye moto anasimama kidogo. Mama anayetoka shamba anatua mzigo wa maharagi. Mwenye chukudu anapumzika. Kila mmoja anapata kipande chake na anaendelea na njia. Hakuna aliyesikia mwanzo. Na swali ni lile lile kila siku: «Iyo ni redio gani?» Jibu pia ni lile lile: «Sijue. Mi nimesikia paka hapo.»

Leo tunaongea juu ya swali hilo.

Tunajua wengine watatucheka. Vita iko, njaa iko, benki za Goma zilifungwa Januari 2025, vijana wanashinda wamekaa kwenye kona bila kazi, na nyinyi mnakuja kutuongelea jina la redio? Ndiyo. Kwa sababu wakati wa amani, redio usiyoijua inakupa muziki. Wakati wa vita, redio usiyoijua inakuambia toka ndani ya nyumba yako. Na wewe unabeba mtoto, unabeba sufuria, unatoka. Uko na haki ya kujua ni nani amekutoa.

Tukumbuke Mei 2021. Tarehe 22, Jumamosi jioni, Nyiragongo ililipuka bila mtu kutuonya. Siku tano nyuma yake, asubuhi ya tarehe 27, gavana wa kijeshi, jenerali Constant Ndima, aliamuru watu wa kartie 10 kati ya 18 za Goma waondoke. Watu laki na laki wakajaza barabara: wengine Sake, wengine Minova, wengine wakavuka Rwanda. Amri ile ilikuwa na mwenyewe. Ilikuwa na jina, cheo na tarehe. Lakini tunaoishi hapa tunajua jinsi ilivyotufikia wengi wetu: kwa jirani aliyesikia kwa shemeji, aliyesikia kwenye redio «fulani». Kartie zilizotajwa zikaongezeka njiani. Saa ikabadilika njiani. Kuna waliokimbia bila kuambiwa, na kuna walioambiwa wakabaki, kwa sababu walidhani ni uvumi tu. Wote wawili walikosa kitu kimoja: sauti inayosema wazi mimi ni nani, nimetumwa na nani, na ni saa ngapi sasa.

Hata hiyo saa ni shida. Goma iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Redio inayorusha kutoka Kinshasa ikisema «saa sita», mtu wa Kalengera ajiulize: sita ya kule ao ya hapa? Siku ya kawaida unakosa mechi. Siku ya hatari unakosa njia.

Tukumbuke na Februari 2025. Wakimbizi wa ndani waliokuwa Bulengo waliambiwa wako na saa 72 za kuondoka kambini. Kisha AFC/M23 ikasema kwamba kurudi nyumbani ni kwa hiari. Maneno mawili, siku chache tu katikati yake. Familia iliyokuwa chini ya hema ifuate lipi? Ile iliyobomoa hema yake haikupata mtu wa kuuliza. Agizo likishapita kwa mdomo bila jina, mwenye nalo anaweza kulikana kesho yake na hakuna wa kumshika.

Wazee wetu waliona mapema kuliko sisi. Tarehe 2 Agosti 1998, ni kwa redio, hapa Goma, wanajeshi walitangaza kwamba hawatii tena utawala wa Laurent-Désiré Kabila. Mtu alilala chini ya serikali moja, akaamka, akafungua redio, na nchi ikawa nyingine. Antena ya redio haiulizi nani ameshika mikrofoni. Inarusha tu.

Hiyo ndiyo sababu tunasema: kujitaja si mapambo ya redio. Si ule wimbo mtamu wa kuonyesha kwamba kituo ni cha kisasa. Ni deni kwa msikilizaji.

Fikiria gazeti. Ukilichukua, jina liko juu, tarehe iko juu, na mahali fulani kuna jina la mkurugenzi na anwani. Hata ukilifungua katikati, unaweza kurudi ukurasa wa kwanza. Redio haina ukurasa wa kwanza. Neno likipita limepita. Aliyechelewa dakika tano hawezi kurudi nyuma kuangalia. Kwa hiyo redio haina budi kurudia jina lake, tena na tena, kwa ajili ya yule anayefika katikati. Na kwetu karibu wote wanafika katikati.

Kuna pia jambo la ufundi ambalo wengi hawalijui. Mitambo miwili ya FM ikirusha kwenye frekansi moja, na mmoja ukiwa na nguvu kuzidi mwingine, redio yako haichanganyi sauti zile mbili kama kelele za soko. Inashika ile yenye nguvu, na ile dhaifu inapotea kabisa. Maana yake nini? Mtu mwenye mtambo mkubwa anaweza kukaa juu ya frekansi ya redio unayoiamini, na wewe usigundue. Hujagusa kitufe. Namba ni ile ile. Aliyebadilika ni anayesema.

Ongeza milima yetu. FM inasafiri kwa njia iliyonyooka, na mlima unaikatisha. Kituo kinachosikika vizuri Goma kinaweza kupotea ukishuka upande wa Rutshuru, na mahali pake kikaingia kingine, pengine cha ng'ambo ya mpaka. Mawimbi hayaonyeshi karatasi kwenye mpaka. Hatuna ubaya na redio za majirani. Wengi wetu tunazisikiliza. Tunataka tu kujua tunamsikiliza nani.

Mtu atasema: «Lakini redio ya gari yangu inaandika jina la kituo.» Kweli. Mtambo wa FM unaweza kutuma jina fupi, herufi 8, likatokea kwenye kioo. Lakini jina hilo linaandikwa na yule yule anayerusha, na anaweza kuandika analotaka. Tena kale karedio ka betri mbili kwenye duka la Kalengera hakana kioo. Jina lazima lisemwe kwa mdomo, kwa lugha ambayo mama wa sokoni anaielewa.

Je, tunaomba kitu kipya? Hapana. Dunia ilikubaliana zamani. Kanuni za kimataifa za redio, zinazosimamiwa na ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, zinasema katika kifungu cha 19 kwamba matangazo yote yawe na njia ya kutambuliwa, na kwamba kujitambulisha kwa uongo ao kwa kudanganya kumekatazwa. Kila nchi imepewa herufi zake, kama plaki ya gari. Kongo yetu iko na 9Q mpaka 9T. Rwanda ni 9X, Burundi 9U, Uganda 5X. Redio zetu za FM zinatumia majina na si herufi hizo, na hiyo haina ubaya. Ila kanuni ni moja: usipite barabarani bila plaki.

Kule Marekani, sheria inaagiza kituo kijitaje kinapofungua matangazo, kinapofunga, na kila saa, karibu na mwanzo wa saa, pale kipindi kinapopumua. Kinataja herufi zake rasmi, kisha mji kilioandikishwa kuuhudumia. Basi. Sekunde 10 zinatosha. Sekunde 10 kila saa ni dakika 4 kwa siku nzima. Kuna redio ya kukosa dakika 4?

Sasa tuwe wakweli, maana hatupendi kuuza ndoto. Jina peke yake haliokoi mtu. Tuko jirani na mfano mbaya kuliko yote. RTLM ya Kigali, iliyoanza kurusha Julai 1993, haikujificha. Ilijitaja jina lake, watangazaji wake walijulikana, na bado ilimwaga sumu iliyosaidia kuua watu mwaka 1994. Anayesema redio ikijitaja itakuwa nzuri, anajidanganya.

Lakini angalia kilichofuata. Tarehe 3 Desemba 2003, mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwahukumu Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza juu ya kazi ya redio ile. Kanda zilikuwepo. Jina la kituo lilikuwepo. Waanzilishi walijulikana. Sauti isiyo na jina ingempeleka nani Arusha? Jina halikuzuia kosa, ila lilifanya kosa lipate mwenyewe. Hapa kwetu, ambako makosa mengi yanaitwa «watu wasiojulikana», hilo si jambo dogo.

Tena kuna hatari upande wa pili, na vijana tunaipima kabla ya kudai. Serge Maheshe wa Redio Okapi aliuawa Bukavu tarehe 13 Juni 2007. Didace Namujimbo, wa redio hiyo hiyo, aliuawa Bukavu tarehe 21 Novemba 2008. Leo Goma na Rutshuru kuna wanahabari waliokimbia, na waliobaki wanapima kila neno. Kwa hiyo tusieleweke vibaya: tunataka KITUO kijitaje. Hatutaki mwandishi alazimishwe kutaja jina lake wala ripota wa kijijini aseme analala wapi. Kituo kina uongozi. Uongozi ndio ubebe jina. Mtoto wa watu anayekimbia na kinasa sauti apate kivuli nyuma ya jina hilo. Redio inayojitaja vizuri inamlinda ripota wake, kwa sababu maneno yanakuwa ya nyumba nzima na si ya mtu mmoja.

Hofu nyingine: tukiomba kanuni, wakubwa watatengeneza kamba ya kutufunga nayo mdomo. Hofu hiyo iko na sababu. CSAC, baraza la vyombo vya habari lililoundwa na sheria ya 10 Januari 2011, lilikataza mwezi Juni 2025 vyombo vya habari kuzungumzia shughuli za Joseph Kabila na chama chake PPRD kwa siku 90. Na upande huu, wenye silaha nao hawangoji baraza ili kumwambia mwanahabari anyamaze. Ndiyo maana tunatenganisha mambo mawili. «Sema wewe ni nani» ni kanuni. «Usiseme jambo hili» ni kizuizi. Tunadai ya kwanza. Ya pili tunaikataa, itoke Kinshasa ao itoke Goma. Katiba ya 2006, katika vifungu vya 23 na 24, inatupa uhuru wa kutoa mawazo na haki ya kupata habari. Habari isiyo na mwenyewe ni nusu ya haki hiyo.

Kwa hiyo, sisi vijana raia, tunadai mambo haya:

1. Kila kituo kinachosikika hapa kijitaje kinapofungua, kinapofunga, na mwanzo wa kila saa: jina, mji kinakorusha, frekansi. Kwa Kifaransa kama kinapenda, lakini pia kwa Kiswahili ao Kinyarwanda, lugha ambazo watu wa huku wanaziongea nyumbani.

2. Tangazo lolote la usalama (kuhama, volkano, kufungwa barabara, kipindupindu, saa ya kutotembea) litanguliwe na maneno matatu: limetolewa na nani, lini, na saa ngapi kwa saa ya Goma. Na likiisha, yarudiwe.

3. Kituo kikirusha kipindi cha kituo kingine, kiseme. Kikirusha sauti iliyorekodiwa jana, kiseme ni ya jana. Kikilipwa ili kusoma tangazo la chama, la kampuni ao la kundi, kiseme kimelipwa na nani.

4. Kituo kikibadilisha mikono, wasikilizaji waambiwe siku hiyo hiyo. Ambao jana walikuwa wenyewe na ambao leo ndio wenyewe. Kubaki na jina la zamani, wimbo wa zamani na sauti ya zamani wakati anayeamuru ni mwingine, huo ni udanganyifu hata kama kila neno linalosomwa ni la kweli.

5. Asiwepo wa kuazima jina ao wimbo wa kituo kingine ili aaminiwe.

6. Kila kituo kitunze kanda za matangazo yake, ili siku ya kuulizana, jibu liwepo.

Tunajua nani atasikia na nani atajifanya kiziwi. CSAC na wizara ya mawasiliano wako Kinshasa, na huku mkono wao haufiki leo. Walioshika Goma na Rutshuru hawajatuomba ushauri. Lakini sehemu kubwa ya madai haya haingoji saini ya mkubwa yeyote. Mkurugenzi wa redio anaweza kuanza kesho asubuhi. Mtangazaji wa zamu anaweza kuanza leo jioni. Aseme tu: «Hapa ni redio fulani, Goma, frekansi fulani, ni saa moja ya jioni saa ya Goma, tangazo tunalosoma limetolewa na fulani, leo tarehe fulani.» Kama mwenye silaha anamkataza kusema tangazo limetoka wapi, basi tutakuwa tumejua jambo kubwa juu ya tangazo hilo: mwenyewe analionea haya.

Na sisi je? Tusimalize kwa kunyooshea redio kidole peke yake. Leo kila mmoja wetu mwenye telefone ni redio ndogo. Sauti ya dakika mbili inaingia kwenye kundi la WhatsApp usiku, haina jina, haina tarehe, mtu analia «kimbieni, wamefika!», na kabla haijaisha tumeshaituma kwa makundi manne. Kesho tunagundua ni sauti ya mwaka uliopita, ya mji mwingine. Kuna mama aliyelala porini juu ya kidole chako. Tunajua, kwa sababu vidole vyetu pia vimefanya hivyo.

Kijana mwenzetu, tunakuomba kazi ndogo. Kabla ya kutuma, uliza: nani anasema? Yuko wapi? Ni ya lini? Nani amemtuma? Ukikosa jibu, acha kwako. Ukisikia tangazo kubwa kwenye redio, andika frekansi na saa, hata nyuma ya mkono. Ngoja mwanzo wa saa usikie kama kituo kitajitaja. Kisikojitaja, mpigie ao mwandikie uongozi wake kwa heshima, uulize: «Mukubwa, redio yenu inaitwa nani, na iko ya nani?» Ukienda na wenzako kumi kuuliza swali hilo hilo, litapata uzito. Hatukuombi urushe jiwe. Tunakuomba uulize jina.

Huku kwetu, mgeni akifika usiku anapiga hodi. Wa ndani wanauliza: «Nani?» Anajibu jina lake, na jina la baba yake kama hawamjui. Hapo ndipo mlango unafunguliwa. Anayekataa kujitaja analala nje, hata kama mvua inanyesha. Hakuna anayeita hiyo ubaya. Ni akili ya watu waliowahi kufungulia mlango asiyestahili.

Redio inaingia ndani bila hodi. Inaingia mpaka chumba wanamolala watoto. Basi iseme jina lake.

Imefanyika Kalengera,
kwa jina la vijana wanaokataa kuongozwa na sauti isiyo na mwenyewe.